Kisanduku cha moduli za 500: studio ya kubebeka mkononi

Mwanamuziki au mtangazaji anayeishi ugenini hukabiliwa na swali ambalo halimsumbui sana aliye nyumbani: je, mkataba wa kazi ukimalizika, vyombo vyake vya studio atavibeba vipi?

Mjini Doha swali hilo lina uzito wake. Nchini Qatar karibu wakazi tisa kati ya kila kumi ni raia wa kigeni, wakiwemo maelfu ya Wakenya na Waganda. Kibali cha ukaazi huenda sambamba na ajira, na wengi huishi chumba kimoja na wenzao. Meza kubwa ya kuchanganyia sauti haina nafasi katika maisha ya namna hiyo.

Jawabu mojawapo ni kisanduku kidogo cha mezani kinachobeba moduli za mfumo wa 500. Makala haya yanaeleza kisanduku hicho ni nini, kilitoka wapi, na mambo ambayo mnunuzi hana budi kuyachunguza kabla ya kutoa fedha zake.

Kisanduku hicho ni nini?

Ni boksi la chuma linaloweza kuwekwa kando ya kompyuta. Ndani yake mna chanzo kimoja cha umeme, na upande wa mbele kuna nafasi tupu, kwa kawaida kuanzia tatu hadi kumi. Nyuma yapo matundu ya kuchomekea nyaya za sauti zinazoingia na kutoka.

Boksi lenyewe halina sauti yake. Kazi hufanywa na moduli zinazochomekwa katika nafasi hizo, na kila moduli ni kifaa kamili.

Moduli ya kwanza ambayo watu wengi huinunua ni kikuza sauti ya maikrofoni, kwa sababu mawimbi yatokayo kwenye maikrofoni ni dhaifu mno. Ya pili ni ekwalaiza, ambayo huongeza au kupunguza besi, sauti za kati na sauti kali. Ya tatu ni kompresa, ambayo hushusha sauti inapopanda ghafla ili mnong'ono na ukelele visipishane kupita kiasi.

Ilivyoanza

Asili ya mfumo huu ni Marekani. Mwaka 1968 Saul Walker na Lou Lindauer waliasisi kampuni ya API, iliyotengeneza meza za studio kwa utaratibu wa kipekee: kila sehemu ya meza ilikuwa moduli inayoweza kuchomolewa na kurudishwa. Fundi aliweza kubadilisha ekwalaiza iliyoharibika bila kuifungua meza nzima.

Baada ya muda, mafundi waligundua kwamba moduli hizo zingeweza kufanya kazi hata nje ya meza, mradi tu zipatiwe umeme. Katika miaka ya 1980 yalianza kupatikana maboksi madogo ya nafasi nne, yenye mpini juu. Kwa kuwa yalifanana na kisanduku cha chakula anachokwenda nacho mfanyakazi kazini, API iliyauza kwa jina la Lunchbox.

Mwaka 2006 API ilitangaza vipimo rasmi chini ya mpango uitwao VPR Alliance. Tangu hapo kampuni nyingi zimetengeneza moduli zinazoingia katika boksi lolote linalofuata vipimo hivyo. Moduli moja ina upana wa milimita 38 na urefu wa milimita 133 hivi. Hutumia volti 16 chanya na volti 16 hasi, pamoja na volti 48 kwa ajili ya maikrofoni zinazohitaji umeme.

Faida kwa msafiri

Faida ya kwanza ni kununua kidogo kidogo. Mtu anaweza kuanza na boksi na moduli moja, kisha akaongeza nyingine kadiri mshahara unavyoruhusu.

Faida ya pili ni kwamba vifaa hivi hutumikia kazi za namna nyingi. Udi ni chombo cha sauti ya upole, na huhitaji kikuza sauti chenye nguvu kisicholeta mvumo. Ngoma ya liwa, ambayo asili yake inahusishwa na Afrika Mashariki na ambayo huchezwa katika nchi za Ghuba, ina vishindo na zumari kali. Hapo kompresa ndiyo yenye kazi. Anayerekodi kaswida au kipindi cha redio anaweza kutumia boksi lile lile.

Hesabu ya umeme

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea. Moduli zote hugawana chanzo kimoja cha umeme, na kila boksi lina kikomo chake. Vipimo vya VPR vinataka moduli moja isizidi miliampia 130.

Chukua mfano wa boksi la nafasi sita lililojengwa kwa kiwango hicho. Uwezo wake ni miliampia 780. Ukiweka moduli mbili zinazotumia miliampia 250 kila moja, na nne zinazotumia 100 kila moja, jumla ni 900. Nafasi zimetosha, lakini umeme haukutosha. Matokeo yake ni sauti inayokwaruza, au boksi kuzimika katikati ya kazi.

Kwa hiyo ni vyema kusoma kiwango cha umeme cha kila moduli, hasa zile zenye valvu, na kubakiza akiba. Boksi lizimwe kila mara kabla ya kuchomeka au kuchomoa moduli.

Kutoka Doha hadi nyumbani

Umeme wa Qatar ni wa volti 240, sawa na wa Kenya na Uganda, na wa Tanzania ni volti 230. Plagi ya pini tatu bapa iliyozoeleka Doha ndiyo itumikayo pia katika nchi hizo tatu. Boksi linalofanya kazi vizuri Doha litafanya kazi Mombasa, Kampala au Zanzibar bila transfoma.

Hatari iko katika boksi lililoagizwa Marekani, ambako umeme ni wa volti 120. Baadhi hukubali volti zote, mengine yana swichi ya kugeuza, na mengine hayana. Kulichomeka bila kusoma maandishi ya nyuma kunaweza kuunguza vifaa vya miaka kadhaa ya akiba. Na nyumbani, ambako umeme huweza kupanda na kushuka, kidhibiti volti ni sehemu ya gharama.

Hali ya hewa nayo izingatiwe. Kiangazi cha Doha hupita nyuzi joto 40, na boksi lisiachwe ndani ya gari. Likitolewa kwenye chumba chenye kiyoyozi hadi kwenye hewa yenye unyevu, linaweza kushika matone ya maji. Liachwe lizoee joto kabla ya kuwashwa.

Je, ni lazima kuwa nacho?

La. Maboksi mengi hayaunganiki moja kwa moja na kompyuta, hivyo kadi ya sauti bado huhitajika, na kadi nyingi tayari zina vikuza sauti vinavyotosha kwa anayeanza. Chumba chenye mwangwi hakitaponywa na moduli ya bei ghali. Mapazia mazito na maikrofoni nzuri vitangulie.

Hata hivyo, kwa aliyekwisha kuvuka hatua hiyo, boksi lenye chanzo imara cha umeme ni msingi unaofaa. Moduli zinaweza kuuzwa au kubadilishwa moja moja. Na siku ya kurejea nyumbani ikiwadia, boksi hubebwa kwa mpini wake.