Mgomo wa Ghorofa ya 15
Zamani Mwingereza mwenye uwezo hakulazwa hospitali. Daktari alimfuata nyumbani, na hata upasuaji ulifanyika chumbani kwake. Hospitali ilikuwa ya maskini. Nusukaputi, eksirei na vyumba safi vya upasuaji ndivyo vilivyomtoa tajiri nyumbani, lakini kulala wodi moja na makuli hakukubali. Basi mwaka 1937 Hospitali ya St Mary's, London, ikafungua jengo la Lindo kwa wagonjwa wa kulipia. Watoto wa kifalme wamezaliwa humo.

Julai 1948 matibabu yakawa bure kwa wote. Waziri Aneurin Bevan, mtoto wa mchimba makaa ya mawe, alijua kwamba madaktari bingwa wakigoma mpango wake umekwisha. Akawaachia vitanda vya kulipia ndani ya hospitali za umma. Husimuliwa kwamba alikiri kuwajaza dhahabu vinywani. Sioni angefanya nini kingine.

Hospitali mpya ya Charing Cross, mtaani Fulham, iliwaweka wagonjwa wa kulipia ghorofa ya 15, na watu wakaibandika jina la hoteli ya Hilton. Mgonjwa wa kawaida alisubiri zamu ya kupasuliwa kwa miezi. Mwenye fedha alipangiwa siku. Waliofagia na kupeleka chakula huko juu walikuwa waajiriwa wa umma, na ada ya daktari bingwa haikuwafikia. Mwaka 1974, wakiongozwa na Esther Brookstone, mama wa makamo aliyewawakilisha katika chama cha wafanyakazi, walikataa kuwahudumia wa ghorofa ile. Unaweza kuwa bingwa wa moyo, lakini chai ya mgonjwa wako isipoletwa, utasikia malalamiko.

Madaktari nao wakatishia kugoma. Waziri Barbara Castle akahangaika katikati, na mwaka 1976 ikapitishwa sheria ya kuondoa vitanda hivyo, kwa kuanzia na 1,000. Wakati huohuo hospitali binafsi ya Wellington ilikwisha kufunguliwa jijini, na matajiri wa Ghuba, waliokuwa wamenufaika na bei ya mafuta ya 1973, walikuwa wakimiminika London kutibiwa.

Kwa maoni yangu, sheria ile ilimhamisha mgonjwa tajiri, na daktari wake akamfuata. Foleni haikupungua. Mwaka 1980 serikali ya Margaret Thatcher ikasitisha uondoaji wa vitanda vya kulipia.