Haki ya Jirani Mbele ya Moshi na Sumu za Viwanda

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake.

Wako wanaodhani kuwa sheria za kuwakinga watu na moshi na taka za viwanda ni jambo jipya. Aliyevipitia vitabu vya fiqhi na vya hisba hawezi kusema hivyo. Msingi wa mlango huu ni Hadithi iliyopokewa na Ibn Majah na wengineo, ambayo Imam an-Nawawi ameiweka ya 32 katika Arubaini yake, inayokataza mtu kumdhuru mwenziwe, awe ameanza au analipiza.

Katika karne ya 6 Hijria, ash-Shayzari wa Sham aliandika muongozo wa muhtasib, yaani msimamizi wa masoko. Humo waokaji mikate wanatakiwa wainue dari za matanuri yao na waweke matundu mapana ya kutolea moshi. Na wenye kazi za moto, kama wahunzi na wapishi, wawekwe mbali na wauza manukato na wauza nguo. Karne mbili baadaye, huko Tunis, fundi mwashi Ibn ar-Rami, ambaye makadhi walimtegemea katika magomvi ya majirani, aliandika kitabu juu ya hukumu za majengo, akataja moshi wa matanuri na harufu ya ngozi zinazodabaghiwa. Tuzingatie hapa: kadhi alimtaka mjuzi wa fani akakague kwanza.

Huenda mwanafunzi wa Kishafii akauliza: je, si katika Minhaj tunasoma kuwa mtu anaweza kuigeuza nyumba yake, iliyo kati ya makazi, kuwa hamamu, na duka lake katika soko la nguo kuwa la mhunzi? Ni kweli, hiyo ndiyo kauli iliyo sahihi zaidi kwa an-Nawawi. Lakini ameifunga kwa sharti: mwenye mali achukue tahadhari na aziimarishe kuta. Anayelinukuu ruhusa akaliacha sharti amenukuu nusu ya hukumu.

Dola ya Uthmaniya ilipoiandika Majalla kati ya mwaka 1869 na 1876, chini ya Ahmed Cevdet Pasha, mafundisho haya kwa njia ya Kihanafi yakawa vifungu vya sheria. Kifungu cha 1200 kinataka madhara yaliyopindukia yaondolewe kwa njia yoyote, na kinatoa mifano: nyundo za mhunzi zinazodhoofisha nyumba ya jirani, na moshi wa tanuri au harufu ya kinu cha mafuta inayomfanya mtu ashindwe kukaa nyumbani kwake. Na kifungu cha 7 kinafunga mlango wa hoja ya ukale: madhara hayawi haki kwa kuwa yamedumu muda mrefu.

Tuyapime haya kwa yaliyotokea Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007 kando ya makazi ya watu, kikafungwa mwaka 2014 baada ya wakazi kudhurika. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira, ikitegemea haki ya mazingira safi iliyomo katika kifungu cha 42 cha Katiba ya Kenya ya 2010, iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Rufaa ikaitengua amri hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Tofauti ya zama ni hii: moshi wa tanuri jirani aliuona, akaenda kwa kadhi siku hiyo hiyo. Risasi huingia katika damu ya mtoto na kuiharibu akili yake bila mzazi kujua. Basi tahadhari aliyoishurutisha an-Nawawi haiwezi leo kutimia kwa kuta pekee. Inahitaji vipimo vya hewa, maji na damu, na wajuzi mfano wa Ibn ar-Rami, kabla ya tanuri kuwashwa. Fidia ya bilioni haimrudishii mtoto akili yake.

Ndugu maimamu, mwenye kiwanda akiomba dua ya ufunguzi mtaani kwenu, muulizeni kwanza kuhusu majirani zake.

Wallahu a'lam.