Kichwa Butabika, Mwili Mulago: Wazee Wenye Ugonjwa wa Akili Kampala

Mwaka jana jajja mmoja, jirani yetu hapa Kisugu, alianza kuweweseka ghafla usiku. Tulimpeleka hospitali. Muuguzi alifungua daftari lake la matibabu, akaona kwamba kwa miaka mingi amekuwa akimeza dawa za Butabika, akalifunga na kutuambia tumpeleke huko. Hakupimwa joto wala mkojo. Siku mbili baadaye daktari mwingine aligundua maambukizi ya njia ya mkojo, ugonjwa unaoweza kuvuruga akili ya mzee yeyote. Alitibiwa, fahamu zikamrudia. Nikajiuliza: desturi hii ya kutenganisha kichwa na mwili ilianza wapi?

Katika Uganda ya kikoloni, miaka ya 1920, wagonjwa wa akili waliwekwa katika gereza la Hoima. Kwa hiyo mwanzo wake haukuwa tiba bali ulinzi. Miaka ya 1930 walihamishiwa kilima cha Mulago, jirani na hospitali ya kawaida. Mulago yenyewe ilianza mwaka 1913 kama kituo cha magonjwa ya zinaa, na kaswende isipotibiwa huweza kufika ubongoni na kuleta wazimu. Malale nayo hufanya hivyo. Mwaka 1944 madaktari Eria Muwazi na Hugh Trowell walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 269 wa mfumo wa neva nchini Uganda. Basi wakati huo ilikwisha kujulikana kwamba maradhi ya mwili na ya akili hukutana ndani ya mtu mmoja.

Hata hivyo, mwaka 1955 Hospitali ya Butabika ilifunguliwa upande wa mashariki, karibu na Ziwa Viktoria. Wagonjwa walipata nafasi na hewa, lakini walisogezwa mbali na Mulago. Miaka hiyohiyo ilikuja klopromazini, iliyoanza kutumika kwa wagonjwa wa akili Ufaransa mwaka 1952. Dawa hiyo iliwatuliza wengi na kuwawezesha kurudi nyumbani. Lakini kwa mzee inaweza kushusha presha anaposimama, naye akaanguka na kuvunjika nyonga. Ikitumiwa kwa muda mrefu, inaweza kuleta mtikisiko wa mdomo na ulimi usiokoma. Kwa hiyo tiba ya kichwa yenyewe ilidai mwili uangaliwe zaidi, si kidogo.

Baadhi ya wenzangu watasema kwamba tatizo si umbali, bali uhaba wa wahudumu. Ni kweli kwamba utawala wa Idi Amin uliwafukuza na kuwakimbiza madaktari wengi, na pengo hilo lilikaa muda mrefu. Lakini uhaba hauelezi kila kitu. Muuguzi wetu alikuwepo, na kipimajoto kilikuwepo. Kilichokosekana ni kuamini kwamba mtu wa Butabika anaweza kuugua kama watu wengine. Imani hiyo ina mizizi katika gereza la Hoima, na mtaani bado tunaitunza: neno Butabika ni tusi hata kwa watoto wa shule.

Mabadiliko yapo. Wodi za akili zimefunguliwa katika hospitali za rufaa za mikoa, na Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018 imechukua nafasi ya ile ya 1964. Kwa wazee wa Kisugu, hata hivyo, njia bado ni tatu: kituo cha afya kiko hapa Makindye, Butabika iko Nakawa, na Mulago iko Kawempe. Anayeziunganisha ni mjukuu mwenye nauli ya boda boda.

Naona pa kuanzia ni kituo cha karibu. Kila mzee anayefuata dawa za akili apimwe presha, sukari na uzito siku hiyohiyo, na matokeo yaandikwe katika daftari lilelile. Na akibadilika ghafla, mwili uchunguzwe kwanza. Jajja wetu angeepushwa siku mbili za mateso.