Maunti ya umeme ya injini: kutafuta hitilafu (Isiolo, Kenya)

Maunti ya umeme ni kikalio cha injini ambacho hulegea, hukaza au hujitikisa kwa amri ya kompyuta ya gari, ili mtetemo wa injini ufie palepale, usifike kwenye bodi, kiti na usukani. Maunti ya kawaida ni mpira ulioshikamana na vyuma viwili, na haiwezi kuridhisha pande zote. Ikiwa laini, humeza mtetemo gari likiwa limesimama injini inaunguruma, lakini huiacha injini iyumbe gari linapoondoka kwa nguvu au kuingia shimoni. Ikiwa ngumu, huishika injini barabara, na dereva akatetemeshwa kila anaposimama. Maunti ya umeme ilibuniwa kuondoa shida hiyo. Inapokataa kufanya kazi, mara nyingi hulaumiwa yenyewe na kutupwa kabla ya yeyote kupima umeme unaoilisha.

Aina zake

Katika Toyota Harrier za V6 za lita 3.0 na ndugu yake Lexus RX 300, maunti ya mbele huendeshwa kwa vakyumu, yaani mvuto wa hewa unaotoka kwenye manifoldi ya injini. Kompyuta hufungua na kufunga vali ndogo ya umeme kwa kufuata mwendo wa injini, na mvuto ule huivuta maunti kwa mapigo. Injini ya V6 hulipuka mara 3 kwa kila mzunguko; ikizunguka mara 700 kwa dakika, hiyo ni milipuko 35 kila sekunde. Maunti hupigiwa mapigo yake kulingana na mtikisiko huo, wimbi dhidi ya wimbi, mpaka yafutane. Ndiyo maana vali ikifa, dereva huhisi gari limezeeka usiku mmoja.

Magari kadhaa ya dizeli ya Ujerumani yana maunti yenye kimiminika ndani, na vali ya umeme ndiyo inayoamua maunti iwe laini au ngumu. Katika michoro ya umeme ya Volkswagen na Audi vali hizo huandikwa N144 na N145. Honda ilikwenda mbali zaidi. Inspire ya V6 ya mwaka 2003 huzima silinda 3 kati ya 6 ili kuokoa mafuta, na kwa kuwa injini iliyobakiwa na silinda 3 hutikisika vibaya, ilipewa maunti zenye sumaku-umeme ndani zinazosukuma na kuvuta zenyewe, zikiwa na kompyuta yake.

Isiolo na waya zake

Magari mengi utakayoyaona Isiolo hayana kifaa hiki. Land Cruiser za mfululizo wa 70, Probox na Hilux hukalia maunti zisizo na umeme, na kwa barabara za kaskazini huo ni uamuzi wa busara. Lakini mji huu uko kwenye njia kuu ya A2, na kwa miongo mingi ndipo lami ilipokuwa ikiishia. Msafiri wa Moyale, umbali wa takriban kilomita 500, aliiaga lami hapa na kuingia kwenye changarawe yenye mikunjo kama mabati. Lami ilipofika Moyale katika miaka ya 2010, magari madogo ya starehe yaliyokuwa yakigeuzia Isiolo yakaanza kupita na kubaki: ya wafanyabiashara, ya watumishi wa kaunti, ya wageni wa mbuga za Samburu na Buffalo Springs.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lililozidi umri wa miaka 8. Kwa hiyo Harrier ya mwaka 2000 iliyopo Isiolo leo iliingia nchini zamani, na waya zake zina umri wa robo karne. Plastiki ya soketi imekauka kwa joto la injini na la jua. Ukitoka nje ya lami kuelekea Merti au Garba Tula, vumbi laini huingia kila penye mwanya. Panya hupenda joto la injini iliyolazwa usiku, nao hutafuna ganda la waya. Adui mwingine ni pampu ya maji ya kuoshea injini. Gari linatoka Merti limejaa vumbi, linapelekwa kuoshwa, maji ya kasi yanapenya kwenye soketi, na baada ya miezi pini zimeota kutu ya kijani. Ukiichomoa soketi ya namna hiyo na kuiinamisha kwenye mwanga, utaona unga wa kijani umeizunguka pini moja tu, mara nyingi ile inayoleta umeme, na mwenzake bado inang'aa.

Kupima

Kwanza ondoa shaka ya kimakanika. Maunti yenye kimiminika iliyopasuka huacha doa jeusi chini yake, na hakuna waya itakayoiponya. Hakikisha pia injini yenyewe ni nzima: plagi moja iliyochoka au koili yake hutikisa gari kwa namna inayofanana sana na hii, na nimeona aibu ya fundi aliyebadilisha maunti mbili kabla ya kugusa plagi. Ikiwa gari linatikisika likiwa kwenye D huku umekanyaga breki na kiyoyozi kinafanya kazi, kisha mtikisiko unapotea ukiongeza moto kidogo, basi maunti inastahili kushukiwa.

Soma misimbo ya hitilafu kwa skana. P0A14 husema saketi ya maunti ina hitilafu au imekatika, P0A15 kwamba volti zake ziko chini, P0A16 kwamba ziko juu. Misimbo hii haisemi maunti imekufa. Kompyuta haiioni maunti. Inaona waya tu. Kinyume chake pia ni kweli, na huwapotosha wengi: katika Harrier, mpira wa vakyumu ukipasuka au kuchomoka, koili ya vali bado nzima, kompyuta haitaandika msimbo wowote wa maunti. Gari linatikisika, skana inasema maunti ni salama. Fuata mpira ule kwa vidole kuanzia manifoldi hadi kwenye maunti kabla ya kuamini skana.

Kisha kagua fyuzi, na upime koili ya vali kwa mita ikiwa imechomolewa. Koili ya vali za namna hii huwa na ukinzani wa makumi machache ya omu. Kipimo kamili kimo kwenye kitabu cha gari. Ukipata karibu sifuri, kuna shoti ndani. Mita isiposoma kabisa, koili imekatika. Pima ikiwa baridi, upime tena injini ikishika moto, kwa sababu koili iliyopasuka unywele mmoja huungana asubuhi na kuachana adhuhuri. Katika joto la Isiolo kosa la adhuhuri ndilo la kawaida, na gari lililoletwa alfajiri litaonekana zima.

Penye makosa mengi zaidi ni kwenye kupima volti. Fundi huchomoa soketi, huweka mita, husoma volti 12, husema waya ni nzima, na kwa hiyo maunti ndiyo mbovu. Tufanye hesabu. Koili ya omu 30 kwa volti 12 huvuta ampea 0.4. Kutu kwenye pini ikiongeza omu 30 nyingine, mkondo unashuka hadi ampea 0.2 na koili inabakiwa na volti 6, ambazo huenda zisitoshe kuivuta vali. Lakini mita ya kisasa ina ukinzani wa takriban omu milioni 10. Mbele ya ukinzani huo omu 30 za kutu si kitu, na mita itaendelea kusoma 12. Mita haikusema uongo. Iliulizwa swali lisilo na mzigo.

Dawa yake ni rahisi na inapatikana katika kila duka la spea mjini: balbu ndogo ya volti 12 na wati 5, ile ya taa ya namba. Balbu hiyo huvuta takriban ampea 0.4, karibu sawa na koili ya mfano wetu. Iunganishe kati ya pini ya umeme kwenye soketi na chuma safi cha bodi, swichi ikiwa imewashwa. Ikiwaka nyeupe, njia ya umeme ni nzima. Ikiwaka nyekundu kama kaa la sigara, kuna ukinzani njiani, nawe utaufuata kuanzia fyuzi na rilei hadi kwenye soketi, ukitikisa waya kipande kwa kipande mpaka balbu ipepese. Hapo ilipopepesa ndipo pa kukata na kuunga.

Pini ya pili huenda kwenye kompyuta, ambayo huigusisha na hasi kwa mapigo. Usiunganishe balbu hiyo hapo. Tumia taa ya kupimia ya LED, isiyovuta mkondo mkubwa, kati ya pini ya umeme na hiyo ya kompyuta. Injini ikiunguruma, LED inapaswa kumemeta au kuwaka. Ikikaa kimya, pima waya ile hadi kwenye soketi ya kompyuta kabla ya kuishuku kompyuta, maana waya hukatika mara nyingi kuliko kompyuta kufa. Maunti za Honda zenye sumaku-umeme haziingii katika utaratibu huu: zinaendeshwa kwa mkondo uliopimwa, na kuzipa umeme wa betri moja kwa moja kunaweza kuziua.

Ukishaunga waya, futa msimbo, uendeshe gari mpaka lishike joto, kisha chomoa soketi ya vali injini ikiunguruma. Mtetemo ukizidi, maunti ilikuwa kazini. Rudisha soketi na upake grisi ya umeme kuzunguka mpira wake, usije ukarudi pale pale baada ya kuosha gari.

Maunti mpya ni ghali, na kwa Isiolo mara nyingi huagizwa Nairobi na kusubiriwa. Mwenye gari, kabla hujatuma pesa hiyo, mwombe fundi akuonyeshe kwa macho yako balbu ya wati 5 ikiwaka nyeupe kwenye soketi ya maunti anayoihukumu.