Ulinganishaji wa Mwanga wa LED kwa Saketi ya Kihisi

Kulinganisha mwanga wa LED ni kazi ya kuzifanya taa mbili au zaidi za aina hiyo zitoe nuru ya kiasi kimoja, kwa kuziweka moja baada ya moja mbele ya kihisi kinachogeuza mwanga kuwa umeme, kisha kurekebisha mkondo wa kila taa hata tofauti inayosalia iwe ndogo kuliko ile ambayo jicho la mwanadamu huweza kuitambua. Haja ya kazi hii hutokana na ukweli kwamba LED zilizotoka katika kiwanda kimoja, kwa siku moja, haziwaki sawasawa. Wenye viwanda wenyewe huzitenga katika mafungu kwa kadiri ya mng'ao na rangi zake kabla ya kuziuza, na mnunuzi wa rejareja, ambaye aghalabu hupewa mchanganyiko wa mafungu hayo, huligundua jambo hilo pale azipangapo safu moja kwenye kibao cha duka.

Tabia ya jicho katika shughuli hii ilikwisha kujulikana zamani. Mfaransa Pierre Bouguer, aliyechapisha kitabu chake juu ya upimaji wa nuru mwaka 1729, alifahamu kwamba jicho haliwezi kukadiria kwa yakini taa moja imeizidi nyingine mara ngapi, illa likionyeshwa nyuso mbili zinazopakana, hutambua upesi kama zimelingana au la. Katika miaka ya 1840 Mjerumani Robert Bunsen alitumia karatasi yenye doa la mafuta, akaisimamisha baina ya taa mbili: mwanga wa pande zote ukilingana, doa lile karibu hutoweka. Saketi ya leo, ingawa imeshika mahali pa karatasi ile, yafuata kanuni iyo hiyo, kwani kutafuta usawa ni kazi nyepesi mno kuliko kutafuta kiasi.

Tofauti hiyo ndiyo ya kuzingatiwa wakati wa kuchagua kihisi. LDR, yaani rezista ya salfaidi ya kadimi ambayo ukinzani wake hupungua inapomulikwa, ni rahisi na hupatikana katika maduka mengi ya vipuri vya redio. Lakini haibadiliki kwa uwiano ulionyooka, huchelewa kujibu, na hubaki na athari ya mwanga iliyoupata kabla. Kwa mwenye kutaka usawa tu, hata hivyo, aibu hizo si kubwa, maadamu taa zote mbili zimepimwa katika hali moja na kupewa muda ule ule. Anayetaka kujua taa moja imeizidi nyingine kwa asilimia ngapi, huyo hana budi kutumia fotodiodi, ambayo mkondo wake hukua sambamba na mwanga kutoka nuru hafifu sana hadi nuru kali. Mkondo huo ni mdogo, kwa hiyo hupitishwa katika amplifaya yenye rezista ya omu milioni 1, ili kila maikroampea 1 isomeke kwenye multimita kama volti 1. Na kapasita ya nanofaradi 100 ikiunganishwa sambamba na rezista hiyo, hutuliza mtetemo wa mara 100 kwa sekunde utokao katika taa za umeme wa nyumbani.

Makosa mengi, kwa kweli, hayatoki katika saketi bali katika mkao wa taa. Kwa umbali wa sentimita 10, kuikosea nafasi kwa milimita 1 tu hubadilisha kipimo kwa asilimia 2, kwa kuwa nguvu ya mwanga hupungua kwa mraba wa umbali. Na LED yenye lenzi ya mwali mwembamba, ikiinama kidogo, hukosea zaidi ya hapo. Ndiyo maana CIE, tume ya kimataifa ya mambo ya mwangaza, iliweka umbali wa milimita 316 na wa milimita 100, pamoja na kihisi chenye eneo la sentimita 1 ya mraba, ili vipimo vya maabara mbalimbali vilingane. Fundi asiye na maabara hutosheka na kipande cha bomba la plastiki kilichopakwa rangi nyeusi isiyong'aa ndani, kihisi kikiwa mwisho mmoja, na mwisho wa pili kizibo chenye tundu linaloibana taa barabara. Husoma kwanza kipimo cha giza, ambacho hukitoa katika vipimo vyote. Kisha huizungusha taa ndani ya tundu lake, na kipimo kikipanda na kushuka, hujua kwamba mwali hautoki katikati.

Mathalan, LED mbili nyekundu zinazohitaji volti 2, zikiwa kwenye umeme wa volti 5 kupitia rezista za omu 330, hupata takriban miliampea 9 kila moja. Tuseme ya kwanza imesomeka volti 1.20 na ya pili 0.90. Yenye nguvu ndiyo hupunguzwa, kwa kuwa kumwongezea mnyonge mkondo ni kumfupishia maisha. Mwanga hufuata mkondo kwa ukaribu, hivyo yatakiwa robo tatu ya miliampea 9.1, yaani 6.8, ambayo yahitaji omu 441. Rezista ya 330 ikifuatanishwa na ya 100 hutoa 430, na kipimo kikawa kama 0.92. Tofauti ya asilimia 2 haionekani kwa taa zilizoachana.

Rangi zikitofautiana, mambo hugeuka. Jicho, kwa mujibu wa jedwali lililokubaliwa na CIE mwaka 1924, hupendelea mwanga wa nanomita 555. Wati 1 ya kijani cha nanomita 530 ni karibu lumeni 589, ya wekundu wa 630 ni 181, na ya samawati ya 470 ni 62 tu. Fotodiodi ya silikoni, kwa upande wake, hupendelea mwanga usioonekana ulio ng'ambo ya wekundu. Mwenye kulinganisha kijani na nyekundu kwa fotodiodi tupu atapata volti sawa na taa zisizo sawa kabisa, ile ya kijani ikiishinda nyekundu mara kadhaa. Dawa yake ni kihisi chenye kichujio kilichofanywa kifuate jicho, kama BPW21, ama kuzidisha kila kipimo kwa kiwango cha marekebisho. Hata hivyo samawati na nyekundu zilizokolea huonekana kali kuliko lumeni zake, na hapo jicho hupewa neno la mwisho.

Yapasa pia kungoja taa ipate joto lake la kawaida, kwani LED nyekundu hufifia inapopata moto kuliko ya samawati. Na asiye na fotodiodi aweza kutumia LED nyingine: ikimulikwa, hutoa mkondo mdogo sana, ikihisi mwanga wa rangi yake kwa udhaifu na wa mawimbi mafupi kuliko hayo vizuri zaidi, hata nyekundu huweza kupima kijani, ilhali ya samawati ni kipofu mbele ya nyekundu.