Tabora si mji wa Livingstone peke yake

Mgeni wa Tabora hupelekwa Kwihara, nje kidogo ya mji, akaonyeshwa tembe la Livingstone: kuta nene za udongo, paa bapa, ua katikati. Huambiwa kwamba Livingstone na Stanley walifika hapo Februari 1872, na kwamba Livingstone alibaki hadi Agosti akingoja wapagazi. Kisha hurudishwa mjini bila kusikia habari za Mnywasele, mtemi wa nchi hiyo. Hilo linaniuma.

Tabora haina bahari, lakini ilikuwa bandari ya bara. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikatembea miezi kama mitatu, ikatua hapa na kugawanyika: wengine Ujiji, wengine Karagwe na Buganda. Vitabu husema mji ulianzishwa na Waarabu miaka ya 1850. Lakini walijenga katika nchi ya Unyanyembe, kwa ridhaa ya Mtemi Fundikira, na Wanyamwezi walikwisha kupeleka pembe pwani kabla yao.

Fundikira alipofariki, Mnywasele akarithi utemi na kudai ushuru wa bidhaa zinazoingia nchini mwake. Wafanyabiashara wakakataa. Mnamo 1860 wakamfukuza na kumtawaza Mkasiwa. Mnywasele akaingia porini na wapiganaji wake, akaisumbua njia ya misafara hadi alipouawa mwaka 1865. Snay bin Amir, tajiri aliyempokea mpelelezi Burton mwaka 1857, aliangamia katika vita hivyo. Mpelelezi Speke alikutana na Mnywasele mwaka 1861, akajaribu kumsuluhisha na wafanyabiashara, asifaulu.

Waandishi waliomfanya mwasi tu hawakumtendea haki. Sultani wa Zanzibar alitoza ushuru forodhani, hakuna aliyemwita mwasi. Watemi wa Ugogo walichukua hongo kwa kila msafara, nao wafanyabiashara wakalipa huku wakinung'unika. Kosa la Mnywasele lilikuwa nini, kama si kudai haki hiyo hiyo mahali ambapo matajiri walikuwa wengi na wenye bunduki?

Yaliyofuata yanajulikana: Mtemi Mirambo akaifunga njia mwaka 1871, Mtemi Isike akajilipua kwa baruti Januari 1893 kuliko kutekwa na Wajerumani, reli ikafika 1912, Wabelgiji 1916, na TANU ikapitisha Uamuzi wa Busara hapa mwaka 1958.

Tembe litunzwe, na Livingstone aendelee kutajwa. Ila simulizi ya Kwihara ianzie kwa mtemi aliyepoteza kiti kwa kudai ushuru wa nchi yake, kwa sababu bila nchi hiyo na wapagazi wake, Livingstone asingepata pa kungojea.