Fumbo hufumbuliwa

Hesabu za maneno katika shule ya msingi huitwa mafumbo, na mzizi wa jina hilo ni kufumba, kama mtu anavyofumba jicho au mkono. Kinyume chake ni kufumbua, nayo ndiyo kazi ya mtoto kabla ya kukokotoa. Tazama swali hili: "Asha ana maembe 12, matano zaidi ya aliyonayo Juma. Juma ana mangapi?" Aliyekaririshwa kwamba "zaidi" ni kujumlisha ataandika 17, kumbe jibu ni 7. Wapo wasemao kukariri huokoa muda wa mtihani. Lakini muda uliookolewa kwa jibu lisilo sahihi haumfai mtoto. Wazazi na walimu, mwacheni kwanza asimulie swali kwa maneno yake, achore maembe, ndipo akokotoe.